Kiboko wa Manjano na Kufuli la Kaunti

Kona Ondiek,
Kati ya Migori na Homa Bay.
Jumapili, baada ya misa.

Kwa dada yangu mkubwa, Wakesho,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto na mbu, zipande hadi huko kwenye ukungu wa milima yetu ya Taita zikiwa bado na nguvu. Goti lako linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori ilikufikia, au aliimaliza kwa mgongo wake mwenyewe? Ng'ombe amezaa? Maharagwe yamenusurika na baridi? Mimi mwilini ni mzima kabisa. Juzi nimeviringisha pipa la oili kutoka barabarani hadi dukani peke yangu, na vijana wenye vifua vipana wakasimama kunitazama midomo wazi. Ni roho tu ndiyo mbaya. Imejaa kinyaa, dada, na nimeona afadhali nikitapike kwenye karatasi kabla hakijaniua.

Mwambie Mghoi akusomee polepole, na asicheke katikati kama kawaida yake. Namjua binti yako. Akifika mahali pa kucheka atulie, anywe maji, kisha aendelee. Haya mambo si ya kuchekwa.

Umeuliza kwenye simu ya shemeji kwa nini nimenyamaza hivi. Nimenyamaza kwa sababu duka langu lilifungwa. Si mimi niliyelifunga. Lilifungwa kwa mnyororo na kufuli la kaunti, mimi nikiwa nje na kitanda changu kikiwa ndani. Kaunti gani, sitaitaja. Hapa tumekaa mpakani, ukivuka barabara umebadilisha gavana, na barua siku hizi husomwa na watu wengi kabla ya mwenyewe.

Nianze mwanzo. Duka langu unalijua kwa picha niliyotuma: bati mbele, bati ubavuni, chumba changu pembeni, na uso wake wote unaangalia lami. Nauza oili za injini, grisi na mafuta ya taa. Wachimba dhahabu wa Masara wanakuja kwangu kwa ajili ya mashine zao za kusaga mawe. Wavuvi wanaovuka kwenda kisiwa cha Remba wanakuja kwangu kwa ajili ya injini za boti. Hakuna mashine upande huu wa ziwa ambayo haijaonja oili kutoka mkononi mwangu, na nikisema hivyo nimepunguza. Watu wa hapa wananiita Ja-Mombasa, yaani mtu wa Mombasa. Mimi na wewe tunajua Mombasa nimefika mara ngapi. Lakini nimewaacha waendelee, maana mteja akisikia Mombasa anadhani oili imeshuka melini ikaja moja kwa moja kwangu.

Sasa, huku kuna desturi. Duka la barabarani halipakwi rangi na mwenyewe. Linapakwa na kampuni. Huyu amepakwa na kampuni ya sabuni, yule na ya unga, yule na ya simu. Kampuni inaleta rangi na mafundi wake, wewe unatoa ukuta tu na shukrani. Duka lisilopakwa watu wanalipita, wanasema huyo biashara yake haijatambuliwa. Mimi nilikuwa sijapakwa. Miaka yote hiyo nilikaa na bati langu la kijivu kama mtu aliyeitwa harusini akaenda na nguo za shambani.

Basi mwaka jana akaja kijana wa mauzo wa kampuni ya mafuta. Ni ile kampuni yenye vituo vya petroli hapa na pale kwenye hii barabara, alama yao ni kiboko, kwa hiyo sisi tunaiita Kiboko tu. Kijana mwenyewe nadhifu, shati limenyooka. Akasimama barabarani akaliangalia duka langu kama mtu anayechagua fahali.

"Mzee, ukuta yako imekaa poa sana. Tutakupakia bure."

Nilimkaribisha ndani. Nilimpikia chai ya maziwa, nikamkaangia mayai. Alikula akafuta sahani kwa mkate. Kesho yake mafundi wakaja, wakapaka uso wote wa duka zambarau, na katikati wakachora kiboko wa manjano amefungua mdomo, mrefu kunipita mimi. Fundi alitaka kumchora mwembamba, nikamkataza. Nilimwambia mimi kiboko namjua, tulikutana uso kwa uso ufukweni Homa Bay, nikamkemea kwa ile sauti ya baba ya kuita ng'ombe, akageuka akarudi majini na aibu yake. Mama Apiyo, jirani yangu anayeuza omena, wale dagaa wa ziwa, anasema hakuwa kiboko bali ndama wa mtu aliyejaa matope. Mama Apiyo hakuwepo.

Nakuambia dada, duka lilipendeza. Watu walikuwa wanasimamisha pikipiki wapigwe picha hapo. Wakaanza kuniita Wakala. Sikuwakataza.

Halafu wakaja watu wa ushuru wa kaunti. Afisa mmoja kijana na askari wake wawili, wakiwa na tepu ya kupimia na mnyororo ndani ya gunia. Hawakusalimu. Walianza kumpima kiboko, kwanza urefu, kisha upana.

"Hii duka ni ya nani?" afisa akauliza.

"Yangu."

"Na hii rangi?"

"Ya Kiboko."

"Kwa hivyo hii ni tangazo ya Kiboko."

"Hapana. Huu ni ukuta."

"Ukuta ikiongea ni tangazo, mzee. Na hii yako inapiga kelele."

Ndipo akanieleza. Kumbe kaunti imeitoza Kiboko ushuru wa kila mahali huyo mnyama anapoonekana: vituo vyao vya petroli, mabango yao, kuta zilizopakwa, hata malori ya mafuta yanayopita tu kwenda zake. Kiboko wamekataa. Wanasema kodi ya mafuta wanailipa Nairobi, na kaunti haina ruhusa ya kuwakamua mara ya pili. Wamekwenda mahakamani. Na kaunti, ili kuwauma, imeamua kufunga kila penye kiboko.

"Sasa mimi naingia wapi hapo?" nikamuuliza.

"Unaingia hapa," akasema, akaweka kidole ndani ya mdomo wa kiboko. Askari wakacheka. Kisha wakapitisha mnyororo mlangoni, wakapiga kufuli.

Mama Apiyo alitoka mbio na ungo wake mkononi. "Nyinyi mko na mama kweli? Huyu mtu ni mgeni hapa! Leo mmefunga Ja-Mombasa, kesho mtafunga omena yangu mseme inatangaza ziwa!"

"Mama, rudi kwa samaki yako," askari akamwambia.

"Samaki yangu iko na adabu kukushinda."

Walienda zao. Mama Apiyo akaniambia, "Omera, ndugu yangu, usisimame hapo kama mlingoti. Njoo utalala kwa stoo." Kwa hiyo nimekuwa nikilala kwenye stoo ya omena, dada. Mimi, mtu mwenye kitanda cha mbao ya mvule. Nimenuka omena mpaka paka wa Kona Ondiek wakawa wananisindikiza kanisani. Padri mwenyewe aliniuliza kama nimeanza kufuga.

Nilimpigia yule kijana wa mauzo. Hakushika. Nikapiga tena na tena mpaka akachoka, akashika. "Mzee, tulia," akasema. "Kampuni iko kortini kwa ajili yenu." Kwa ajili yenu! Neno hilo liliniingia vizuri sana. Nilitembea nalo kona nzima nikiwaambia watu, tulieni, kampuni kubwa iko kortini kwa ajili yangu.

Lakini siku zilikwenda na mnyororo haukuondoka. Wateja wa Masara walikuwa wanafika, wanaona kufuli, wanageuza pikipiki wanaenda kununua Migori mjini. Mmoja aliniuliza, "Ja-Mombasa, wamekupiga mnada?" Mbele za watu. Nilimwambia natengeneza ghala jipya. Unadhani ningemwambia nini?

Nikasema basi, nitamkwangua huyu kiboko mwenyewe yaishe. Nikaenda ofisi ya ushuru kumwambia yule afisa.

"Usiguse," akasema.

"Ni ukuta wangu."

"Korti imetoa amri. Kila kitu ibaki vile ilikuwa mpaka kesi iishe. Hiyo kiboko sasa ni ushahidi. Ukiikwaruza, utafungwa wewe."

"Sawa. Basi nifungulie mlango."

"Kufuli pia ilikuwa hapo amri ikitoka. Ibaki vile ilikuwa."

Dada, fikiria. Jaji amesema pasiharibike kitu, wao wakachukua neno hilo zuri wakanifungia nalo mlango. Nilitoka pale nikatema mate nje ya geti. Askari akaniangalia. Nikatema tena.

Siku ya kesi nilivaa koti la marehemu kaka, lile jeusi, nikapanda gari asubuhi kwenda mahakamani. Nilikaa benchi la mbele. Jaji ni mama wa makamo mwenye miwani, hana maneno mengi. Mawakili wa kaunti upande huu, wa Kiboko upande ule, na mafaili yamewafikia kidevuni. Walikuwa wakiongea Kizungu. Kizungu chenyewe mimi nakifuata, ila walikuwa wanakikimbiza makusudi. Karani wa mahakama aliyekuwa karibu yangu, kijana mwenye huruma, akawa ananinong'onezea.

Wakili wa kaunti akainua picha kubwa. Nani nikaona? Duka langu! Kiboko ameachama, na mimi mlangoni, mkono kiunoni. Watu wote wakageuka kunitazama. Nikanyoosha koti. Nasema ukweli, dada, ile picha ilikuwa nzuri. Wakili akasema haya, mheshimiwa, kama hili si tangazo la kampuni, ni nini?

Nikamgeukia wakili wa Kiboko. Nikajua sasa anasimama kwa ajili yangu. Na kweli akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema maneno machache. Nikamuuliza karani amesemaje. Karani akainamia sikio langu.

"Anasema duka hilo si lao. Anasema kampuni haimjui huyo mtu kwenye picha. Eti ulijichukulia rangi zao mwenyewe ili uvute wateja."

Nilisimama. Sikumbuki kuamua, nilijikuta tu nimesimama. "Mheshimiwa! Hao wananijua! Wamekula mayai yangu!"

Watu wakacheka mpaka askari wa mlangoni. Jaji akavua miwani.

"Mzee, wewe ni wakili?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Wewe ni shahidi?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ndiye ukuta."

Hapo hata yeye uso ulimlegea kidogo. Akasema, "Ukuta utakaa chini mpaka uitwe." Nikakaa. Nimengoja kuitwa, dada. Sikuitwa.

Wale mawakili wakaomba muda kidogo wazungumze. Nami nikatoka nje kuvuta hewa. Nikawaona barabarani pale. Hao hao waliokuwa wanararuana ndani, wananunua njugu kwa mama mmoja, wa kaunti anammiminia wa Kiboko kiganjani, huku wakiulizana habari za watoto shuleni. Na kijana wa mauzo alikuwepo, shati limenyooka vilevile. Aliponiona alianza kuangalia viatu vyake. Nikamfuata.

"Kijana, yale mayai yalikuwa mabovu?"

"Mzee, hii ni mambo ya ofisi."

"Nimekuuliza mayai."

"Yalikuwa mazuri, mzee," akasema kwa sauti ndogo, akaingia ndani haraka. Bora angenitukana. Ningejua la kufanya na tusi.

Waliporudi mbele ya jaji walikuwa wamekwisha elewana. Kiboko watalipia vituo vyao na mabango yao. Kaunti itaacha mambo ya malori, na madai ya nyuma yamesamehewa. Na rangi zilizoko kwenye kuta za maduka ya watu? Hapo ndipo walipokubaliana upesi kuliko pote. Walisema mwenye ukuta ndiye mwenye tangazo. Atajibeba mwenyewe.

Jaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nikainuka. Karani akanivuta koti.

"Mzee, anauliza wenye kesi."

"Na mimi?"

"Wewe si mwenye kesi."

Mlango wangu ndio umefungwa, kitanda changu ndicho kimo ndani, picha yangu ndiyo wameipitisha mkono kwa mkono kama ya mtu aliyepotea, na kumbe mimi si mwenye kesi. Wenye kesi ni wale wa njugu. Nilirudi Kona Ondiek, na gari zima walifikiri natoka mazishini kwa sababu ya lile koti.

Kesho yake afisa alikuja kufungua kufuli, anatabasamu kama ananiletea zawadi. "Haya mzee, uko huru. Lakini sasa hii tangazo ni yako. Ulipe kila mwaka kama kampuni, ama uitoe. Nitapita wiki ijayo. Nikiipata bado inaonekana hapa barabarani, narudisha mnyororo."

Niliingia, nikakaa kitandani kwangu, nikamwambia kiboko maneno ambayo Mghoi hafai kuyasoma.

Kwanza nilijaribu chokaa. Mvua ya huku huja mchana kama mtu wa kibarua, haikosi. Ilipopita, chokaa yote ilikuwa mtaroni na kiboko amenawa uso, anang'aa kuliko jana. Nikasema nimpake rangi ya mafuta juu yake, nikaenda kuuliza bei mjini, nikarudi mikono mitupu. Ilitaka nusu ya mali ya dukani. Nikachukua msasa. Msasa ukaisha, kiboko akabaki. Hawa watu wa Kiboko ni waongo wa kila namna, lakini rangi yao ni ya kweli.

Basi nikakaa juu ya pipa nikamtazama huyo mnyama, nikawaza. Unakumbuka mama alivyokuwa akifanya kola za mashati yetu zikichakaa? Alikuwa anazifumua, anazigeuza ndani nje, anashona tena, tunakwenda shule kama watoto wa mwalimu. Nikasema, na bati nalo si lina pande mbili?

Nilichukua nyundo nikaanza kung'oa misumari. Mama Apiyo akashika ngazi, kazi yake kubwa ikiwa kunicheka.

"Ja-Mombasa, unageuza duka kama suruali?"

"Shika ngazi."

"Na ukimaliza utalivaa?"

"Mama Apiyo, shika ngazi!"

Niliyageuza mabati yote, moja baada ya jingine, rangi ndani, kijivu nje. Nilifanya kazi hiyo jua likiniwakia, bila fundi, na wenye maduka wote wakatoka kuangalia. Afisa alipokuja na tepu yake alitembea mbele ya duka, akarudi, akatembea tena.

"Tangazo iko wapi?"

"Wewe si ulisema kinachotozwa ni kile kinachoonekana barabarani?"

"Ndiyo."

"Basi simama barabarani uangalie."

Akasimama. Akaliangalia bati la kijivu lenye matundu ya misumari. Pikipiki ikampigia honi ikampita karibu na kiwiko. Mama Apiyo alikuwa amekaa juu ya gunia lake na wateja wake wote, wanamtazama kama sinema.

"Nataka kuingia ndani nione," afisa akasema.

"Ndani ni kwa wateja."

Alinunua kopo la grisi, dada. Kaunti nzima ilibidi inunue kopo la grisi kwangu. Akaingia, akatazama kuta, akatoka na kopo lake mkononi, na mpaka leo hajarudi. Sasa mwenye duka la unga amegeuza mabati yake, na wa sabuni naye, na wote wanakuja kuniuliza misumari inang'olewaje bila kupasua bati. Ninawafundisha. Nimekuwa kama chuo.

Lakini usifikiri nimefurahi. Wakati wa kugeuza sikuangalia mpangilio, nilikuwa na haraka, kwa hiyo kiboko amebaki vipande vipande humu ndani. Jicho liko karibu na mlango, meno yako juu ya rafu ya grisi, na makalio yake yapo sawasawa mbele ya kitanda. Mvua inapita kwenye matundu ya zamani, inanidondokea kwenye shuka. Nikiamka, kitu cha kwanza kuona ni hayo makalio ya manjano. Kwa nje hatuonekani tena, yeye wala mimi. Humu ndani ndimo tunamoangaliana siku nzima, na kila nikimtazama namwona yule wakili akifunga kifungo cha koti.

Kuhusu mahari ya Mghoi, nakuja. Duka atalichunga Mama Apiyo, amekwisha kubali, na ameniambia nisirudi bila maparachichi ya Taita. Waambie wakwe wasianze chochote, wasikubaliane lolote nje ya nyumba, hata kwa kicheko, mpaka mjomba mtu amefika akaketi. Na siku hiyo, yeyote atakayetaka kuzungumza na mwenzake kando, azungumzie hapo hapo mbele yangu nimsikie.

Nisalimie shemeji, na umwambie nashukuru kwa simu. Salamu kwa shangazi Mkawasi aliyenilea nikiwa sina meno, kwa binamu Mwandawiro fundi wa baiskeli, na kwa katekista wetu, aniombee nipunguze hasira. Mghoi naye, kama amefika hapa bila kucheka, mpe nyama ya kwanza.

Ni mimi mdogo wako, ninayeishi ndani ya kiboko,

Mwakio